Mbia wa Kimya Naye Huitwa Kulipa

Bei za nafaka za wiki hii ziko mahali pake pa kawaida katika ukurasa huu, na msomaji anayetaka kujua gunia la mchele limelala wapi atazame huko. Leo safu hii inataka kuzungumzia jambo lililo nyuma ya gunia lenyewe, nalo ni fedha iliyolinunua. Mara nyingi fedha hiyo si ya yule anayesimama dukani. Ni ya mtu mwingine aliyekaa nyumbani, asiyejulikana sokoni, ambaye mwisho wa mwezi hupelekewa chake katika bahasha. Mtaani tunamwita mwenye mtaji. Sheria ya nchi ina jina jingine kwake, na jina hilo lina uzito ambao wengi hawaufahamu mpaka siku mambo yameharibika.

Tuchukue mfano, ndugu msomaji. Mwalimu amestaafu na amepata mafao yake. Sehemu amemalizia nyumba Mbagala, na zimebaki shilingi milioni 30. Yuko kijana wa jirani anayeuza mchele kwa jumla katika soko la Tandale, mchapakazi na mwaminifu, ila mtaji wake ni mdogo. Kijana anakuja jioni, anaamkia, anakaa.

“Mwalimu, hela ikikaa benki inalala. Wewe weka tu, kazi niachie mimi. Faida tunagawana nusu kwa nusu.”

“Mimi biashara siijui, mwanangu.”

“Huhitaji kuijua. Jina lako halitatajwa hata.”

Wanapeana mikono. Hakuna karatasi, au ipo nusu ukurasa wa daftari. Mwalimu anajiona amemkopesha kijana. Kijana anajiona amepata mfadhili. Sheria ya Tanzania Bara inawaona kwa jicho tofauti kabisa: hawa ni wabia.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Mambo ya ubia yamo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961. Humo ubia ni uhusiano wa watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa nia ya kupata faida. Hauhitaji muhuri wala wakili ili uwepo. Mkono ukipeanwa, mtaji ukawekwa na faida ikaanza kugawanywa, mahakama inayo dalili nzito ya kusema ubia ulikuwapo. Kusajili jina la biashara BRELA ni jambo jema, tena la lazima pale jina la duka linapotofautiana na majina ya wenyewe, lakini usajili huo hauzai mtu mpya kisheria kama inavyozaliwa kampuni. Unaandika tu nani wako nyuma ya jina lile.

Kwa kuwa hakuna mtu mpya aliyezaliwa, deni la duka ni deni la wenye duka. Kila mbia anawajibika kwa madeni yaliyofanywa na ubia wakati yeye akiwa mbia, na dhima hiyo haiishii kwenye mtaji alioweka. Inakwenda mpaka kwenye mali yake ya nyumbani. Zaidi ya hapo, kila mbia ni wakala wa mwenzake katika mambo ya kawaida ya biashara, kwa hiyo mmoja akisaini amewasainia wote. Kujificha hakusaidii. Anayedai akigundua kwamba yuko mbia ambaye jina lake halikutajwa, anaweza kumfuata.

Turudi Tandale. Kijana anachukua mchele wa Kyela kwa mkopo, mzigo wa shilingi milioni 60, akitegemea bei ipande. Bei inashuka. Sehemu ya mzigo inalowa. Anauza kilichobaki na kupata milioni 10. Yule wa Kyela anadai milioni 50, na kijana hana kitu zaidi ya kitanda na redio. Mwenye nyumba Mbagala ni nani? Ni mwalimu. Anaweza kudaiwa milioni 50 zote, kisha abaki yeye na haki ya kumdai kijana fungu lake. Haki hiyo juu ya mtu asiye na kitu ina thamani gani? Milioni 30 alizoweka zimekwisha kupotea, na sasa nyumba nayo iko mezani. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuonja hata punje ya mchele ule.

Hilo ni upande wa deni. Upande wa kodi nao una somo lake, na hapa habari ni mchanganyiko wa njema na chungu.

Habari njema ni kwamba ubia wenyewe hautozwi kodi ya mapato kwa faida yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kuanzia kifungu cha 48, inautazama ubia kama mfereji. Faida inapita humo na kuwafikia wabia, kila mmoja anahesabiwa fungu lake na kulipa kodi kwa viwango vyake binafsi. Hasara nayo hugawanywa vivyo hivyo. Ubia huwa na namba yake ya mlipakodi, TIN, na hupeleka ritani kuonyesha faida ilipatikanaje na imegawanywaje. Kodi ya zuio iliyokatwa njiani nayo hugawiwa wabia, kila mmoja aipunguze kwenye kodi yake.

Tuweke tarakimu. Tuseme mwaka ule wa kwanza, kabla ya balaa, duka lilipata faida ya shilingi milioni 24, na mauzo yalikuwa makubwa kiasi cha kutoka kwenye mpango wa makadirio wa wafanyabiashara wadogo. Kila mbia ana fungu la milioni 12. Kwa viwango vya mtu binafsi mkazi vilivyoanza Julai 2021, shilingi 3,240,000 za kwanza za mwaka hazitozwi kitu. Shilingi 3,000,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, yaani 240,000. Kisha 2,880,000 kwa asilimia 20, yaani 576,000. Kisha 2,880,000 nyingine kwa asilimia 25, yaani 720,000. Jumla ya kodi ya kila mbia, kama hana pato jingine la kutozwa, ni shilingi 1,536,000. Kwa wote wawili ni 3,072,000. Fungu likizidi milioni 12, kila shilingi ya ziada hutozwa asilimia 30.

Sasa tuseme wangekuwa wameanzisha kampuni. Faida ile ile ya milioni 24 ingetozwa asilimia 30, yaani milioni 7.2. Zingebaki milioni 16.8. Zikigawanywa zote kama gawio, inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 1,680,000. Jumla ni shilingi 8,880,000, karibu mara tatu ya kodi ya ubia. Ni haki kusema kwamba tofauti hiyo hupungua kampuni inapomlipa kijana mshahara wa kweli, maana mshahara ni gharama ya kampuni na yeye huukatwa kodi kama mwajiriwa mwingine yeyote. Hata hivyo tofauti haiishi, na juu yake kuna gharama za mkaguzi wa hesabu na taarifa za kila mwaka za BRELA.

Habari chungu ziko mbili. Ya kwanza: ndani ya ubia, mshahara wa mbia si gharama ya biashara mbele ya TRA. Kijana akijilipa laki tano kila mwezi na kuziandika kama mshahara, fedha hizo hurudishwa kwenye hesabu na kuwa sehemu ya mgawo wake wa faida. Riba ya mkopo ambao mbia ameukopesha ubia wake nayo ni hivyo hivyo. Wabia wengi hushangaa wakaguzi wanapofika na kufuta mistari hiyo kwa kalamu nyekundu. Hawakuonewa. Ndivyo sheria ilivyo.

Ya pili ndiyo inayowaumiza wenye mtaji wa kimya. Mbia hutozwa kodi kwa fungu lake hata kama hakulichukua. Katika mfano wetu, tuseme kati ya milioni 24 za faida, kijana alirudisha milioni 20 kwenye mzigo mpya na kila mmoja akachukua milioni 2 tu. Mwalimu bado ana fungu la milioni 12 katika vitabu, na kodi yake bado ni 1,536,000. Akiitoa katika zile milioni 2, anabakiwa na shilingi 464,000 kwa mwaka mzima, yaani chini ya elfu 40 kwa mwezi, kwa mtaji wa milioni 30. Tena kodi hiyo haingoji mwisho wa mwaka. Mwenye pato la biashara hukadiria kodi yake mwanzoni na kuilipa kwa awamu nne. Kama katika makubaliano yao hakuna mstari unaosema kwamba kila mbia atatolewa kwanza fedha ya kodi yake, mwalimu atalipia faida ambayo imegeuka magunia.

Ndipo linapokuja swali la safu hii. Mtu mwenye milioni 30 na asiye na hamu ya kuendesha duka afanye nini? Sheria zetu zinamfungulia milango miwili. Aingie ubia wa kawaida, alipe kodi nafuu na kuhatarisha nyumba yake. Au aunde kampuni, ailinde nyumba yake, na alipe zaidi. Mlango wa tatu, ambao wenzetu wanao, Tanzania Bara haujatobolewa.

Mlango huo ni ubia wenye wabia wa aina mbili. Yuko mbia mwendeshaji, anayefanya kazi na kuwajibika kwa madeni yote. Yuko mbia wa mtaji, anayeweka kiasi kinachotajwa wazi, na biashara ikianguka anapoteza kiasi hicho basi. Kwa kinga hiyo analipa bei: haruhusiwi kuingilia uendeshaji wala kuufunga ubia kwa saini yake. Akianza kuagiza mzigo na kufukuza vibarua, kinga inaondoka na anawajibika kama mwendeshaji. Akichomoa mtaji wake kinyemela, anadaiwa kiasi alichochomoa. Na ubia usiposajiliwa kwa namna hiyo, unahesabiwa kuwa ubia wa kawaida. Kwa upande wa kodi unabaki kuwa mfereji ule ule.

Uingereza ilitunga sheria ya namna hii mwaka 1907. Uganda iliingiza wabia wa aina hizo mbili katika sheria yake ya ubia ya mwaka 2010. Kenya ilikuwa na sheria ya aina hiyo tangu enzi za ukoloni, ikaiunganisha na ya ubia wa kawaida katika sheria moja mpya mwaka 2012. Sisi tunauza na kununua na majirani hao kila siku ndani ya soko moja la Afrika Mashariki, lakini mfanyabiashara wa Mwanza hana chombo alicho nacho mwenzake wa Kisumu.

Wala tusidhani kwamba wazo hili ni la kizungu. Mwambao wetu umelifahamu tangu kale kwa jina la mudharaba. Mmoja anatoa mali, mwingine anatoa jasho. Faida wanagawana kwa fungu walilokubaliana. Ikija hasara isiyotokana na uzembe, mwenye mali anapoteza mali yake na mwenye jasho anapoteza jasho lake, na hapaswi mmoja kumfuata mwenzake nyumbani. Mzee wa Tanga au wa Kilwa akisomewa sheria ya Uingereza ya 1907 angeuliza jipya liko wapi. Leo watu wawili wakifunga mudharaba Kariakoo kwa nia safi, wasipoutafutia vazi la kisheria, mdai wao anaweza kuwaburuza mahakamani kama wabia wa kawaida. Walichokubaliana wao kwa wao hakimfungi yeye ambaye hakuwapo.

Wapo watakaosema mwalimu akopeshe tu, apate riba, asiwe mbia. Njia hiyo ipo na kwa wengine inafaa, mradi iandikwe vizuri. Lakini mkopo hudai mvua inyeshe isinyeshe. Kijana aliyepoteza mzigo bado atadaiwa marejesho ya mwezi, na biashara changa huvunjika kwa sababu hiyo. Tena wako Watanzania wengi ambao imani yao haiwaruhusu kugusa riba. Kushiriki hasara na faida ni aina ya mtaji ambayo nchi yenye biashara nyingi changa inaihitaji sana.

Wengine wataogopa ulaghai: kwamba matajiri watajificha nyuma ya kivuli cha mtaji mdogo na kuwaachia wauzaji madeni. Hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni daftari la wazi. Jina la ubia lijulishe aina yake, kiasi cha mtaji wa kila mbia kisomeke BRELA na yeyote atakayelipa ada, na mabadiliko yatangazwe. Muuzaji wa Kyela akijua kwamba nyuma ya kijana kuna milioni 30 tu, ataamua mwenyewe kama atamkopesha mzigo wa 60. Leo hajui lolote, na mwalimu naye hajui kwamba anategemewa. Ulaghai hupenda giza kama hilo.

Hazina nayo huenda ikauliza: mapato yatapungua? Ni kweli kwamba kodi ya gawio haitakuwapo kwa wale watakaochagua ubia badala ya kampuni. Lakini hebu tuhesabu walio nje. Wenye mtaji wa kimya wa leo, wanaopelekewa bahasha, wengi wao hawamo katika ritani yoyote. Kijana huandika duka kuwa lake peke yake, na mwenye mtaji hatajwi. Mpe mtu kinga ya nyumba yake kwa sharti la kusajili jina lake, na atakuja mwenyewe kuliandika. Akishaandikwa, TRA inajua fungu lake. Kodi ya mtu aliyejileta ni rahisi kukusanya kuliko ya mtu anayesakwa.

Safu hii basi inatoa wito kwa Wizara ya Viwanda na Biashara na kwa Tume ya Kurekebisha Sheria: sura ya ubia itolewe ndani ya Sheria ya Mikataba, ipewe sheria yake, na ndani yake awemo mbia wa mtaji mwenye dhima yenye ukomo. Sheria ya Kodi ya Mapato haitahitaji kupinduliwa. Mfereji upo, utapitisha na maji hayo.

Wakati tukingoja, msomaji unayetaka kuweka mafao yako kwa kijana wa jirani, usiweke kwa mkono mtupu. Kama unakopesha, andikeni mkataba wa mkopo na usijiite mbia. Kama ni ubia, andikeni hati ya ubia. Mkikaa kimya, sheria itawaandikia yake: faida na hasara nusu kwa nusu bila kujali nani kaweka ngapi, hakuna mbia mwenye haki ya kulipwa kwa kazi yake, na mmoja akifariki ubia unavunjika siku hiyo. Andikeni kiwango cha mzigo wa mkopo ambacho hakivukwi bila saini zenu wote wawili. Mkubaliane kwamba fedha ya kodi ya kila mbia itatolewa kabla faida haijarudi kwenye magunia. Andikeni mbia akifa warithi watalipwaje. Siku ukitoka, wajulishe wauzaji wote, maana deni lililofanywa ukiwamo litakufuata hata baada ya kutoka, na jipya nalo linaweza kukufuata kama hawakujua umeondoka.

Na kama nyumba ndiyo kila kitu ulichonacho, ingia gharama ya kampuni. Ghali, ndiyo. Lakini shilingi 8,880,000 ni kodi ya mwaka wa faida. Deni la milioni 50 huja mwaka wa hasara, na siku hiyo anayedai hatauliza nani alikuwa anauza na nani alikuwa amekaa nyumbani.